Mzee wa Kanisa Alibeba Ruta ya Akiba, Mama Hakumuaga Mwanawe

Admin, jina langu liweke kando, maana huku Stockholm Waswahili tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, Mkongomani, naishi Husby na kazi yangu ni mitandao ya kompyuta. Nina hasira sana.

Mdogo wangu alifariki huku. Mama yuko Bukavu, alinyimwa viza, ikabaki amuage mwanawe kupitia kompyuta. Mtandao wa kanisa letu Rågsved niliufunga mimi mwenyewe, kwa kujitolea. Niliweka ruta mbili, zile mashine za kusambaza intaneti: moja inafanya kazi, nyingine inasubiri na laini yake. Ya kwanza ikizimika, ya pili inashika yenyewe. Niliijaribu mbele ya kamati ya kanisa, nikachomoa waya, picha ikakwama kidogo tu ikaendelea.

Siku ya mazishi, jeneza lilipofunguliwa tu, ruta ya kwanza ikazimika. Ya pili haikushika. Mpaka tunawasha upya, jeneza limeshafungwa. Mwenyekiti wa kamati akawatangazia watu kwamba mitambo ya dada yetu imetuangusha. Baadaye nikafungua kabati, nikakuta ruta moja. Nilipomuuliza mwenyekiti, hata hakuona haya.

"Ile mashini ilikuwa inakaa tu bure, ma fille, binti yangu. Niliipeleka kwangu Fittja, watoto wapate internet."

Inakaa bure! Kusubiri ndiyo kazi yake! Na mimi mfiwa, nani alitegemea nianze kukagua makabati asubuhi ile?

Sasa mama hapokei simu zangu. Amemwambia shangazi kwamba nilikata picha makusudi, kwamba mwanawe aliuawa, nami namficha asione uso wake. Nikieleza habari za ruta, anasema ni maneno ya kumzuga. Mtu pekee ambaye mama atamwamini ni huyo huyo mwenyekiti, walisali pamoja Bukavu tangu ujana. Nimempigia magoti amweleze. Amekubali kumwambia mama kwamba mtambo uliharibika, ila kwanza Jumapili nisimame mbele ya kanisa niombe radhi, niseme nilikosea kuufunga. Eti mzee kama yeye haaibishwi kwa sababu ya kimashini.

Ndugu zangu, niseme uongo madhabahuni ili mama apokee simu yangu? Au nimwanike mzee huyu mbele ya wote, na mama azidi kuamini kwamba nilimficha mwanawe? Nipeni ushauri, Jumapili ni keshokutwa.