Taa za Tela

Nimeunga vibaya waya za taa za tela, plastiki ikaungua. Ni harufu ile ile ya uani kwetu Msamala, siku baba alipofunga mwenyewe chuma cha kuvutia tela nyuma ya gari. Alipomaliza kuunga waya aliketi kwenye usukani, mimi nikasimama nyuma ya tela.

“Nimekanyaga breki. Taa zinawaka?”

Moja haikuwaka. Wenzangu walikuwa wananisubiri tucheze rede.

“Zote, baba.”

“Asante, mama,” alisema, akaondoka kwenda Peramiho kuchukua mahindi.

Sikucheza. Nilikaa getini mpaka aliporudi salama, jua likizama.

Leo nimebana pedali ya breki kwa kipande cha mbao, nikazunguka nyuma kutazama mwenyewe. Binti yangu yupo ndani ya nyumba. Sikumwita.