Piko Ndani ya Eda

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu wanalo wenyewe wahariri, nimewaomba libaki huko huko. Mie ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mkazi wa Tabata. Nina kibanda cha chakula Kurasini. Nilikianza na sufuria moja, leo nalisha makuli na madereva wa malori bila kumpigia mtu magoti.

Mdogo wangu wa kike kafiwa na mumewe, anakaa eda kwa mama mkwe wake, Temeke. Marehemu aliondoka na ukimwi, na mdogo wangu alipopimwa, naye akakutwa nao. Tunajua mie, yeye na daktari tu. Kuna hizi dawa mpya za kuchanganya, kidonge kimoja kina dawa mbili, hospitali zetu bado hazitoi, zinaagizwa nje kwa bei kubwa. Kiwanja changu cha Tegeta kimeishia huko, na sijuti.

Zilianza kwa kumtapisha. Kisha kucha zikaingia weusi, zote kumi. Daktari akasema, "Ni dawa hiyo, wengine huwatokea. Weusi wenyewe hauna madhara. Asiache."

Lakini nyie mnajua mjane wa eda hatii hina wala piko. Mama mkwe akamshika mkono mbele yangu. "Kaburi la mwanangu hata halijakauka, ushajipaka piko? Unampambia nani?"

Mdogo wangu akanitazama mie. Nami nikawawaza wateja wangu: wakisikia ndugu yangu ana ukimwi, nani atakula wali wangu? Nikasema, "Tumsamehe, mama. Ni utoto."

Tangu hapo jina lake Bibi Harusi. Wifi yake akimpa chai: "Pokea taratibu, Bibi Harusi, piko lisichujuke."

Nilipompelekea dawa nyingine, nikakuta nilizompa mara ya mwisho kazificha chini ya godoro, hazijaguswa. "Dada, nikizimeza naitwa malaya. Nisipozimeza nitakufa na heshima yangu."

Nikamwomba anipe ruhusa nimweleze mama mkwe ukweli. Akakataa. "Ulikuwa na nafasi yako, ukasema utoto."

Jana nimekwenda tena. Weusi unasogea nchani, kucha zinaota safi kutoka chini. Mama mkwe kafurahi, kanikaribisha chakula. "Mwenzio kaacha upuuzi," akasema. "Tazama kucha zinavyorudi."

Nikanawa, nikala.

Nishaurini ndugu zangu. Siri ni ya mdogo wangu, uongo ni wangu. Niseme asiyotaka yasemwe, au niendelee kuzitazama kucha zake zikitakata?