Bidi Tupu za Chirutha

Mgeni katika karakana ya bidi, zile sigara za kusokotwa kwa jani, kule Kannur, India, kwanza aliviona vidole vya Chirutha. Vilikata jani, vikatia tumbaku, vikakunja na kufunga uzi, huku mwenyewe hayupo. Kimawazo alikuwa kaenda zake kwenye nchi ya riwayani, ambako mito hupanda milima.

Desturi yao ilikuwa mmoja asome kwa sauti, wenzake wamsokotee fungu lake. Asubuhi Kanaran alisoma gazeti. Baada ya chakula, riwaya. Tangu mvua zianze walikuwa wakimfuata binti dobi aliyepanda kwenda kuifungua bahari iliyofungiwa kileleni.

Siku binti alipoteleza ukingoni, Chirutha hakuacha kusokota. Jioni msimamizi, Govindan, akatoka chumbani kwake nyuma ya ukuta, akazibonyeza bidi zake, zikanywea.

"Chirutha, tumbaku iko wapi?"

"Si imo humo, kaka?"

"Humu mna upepo."

"Afadhali, wavutaji hawatakohoa," akasema Devaki, jirani yake, na karakana ikaangua kicheko.

Govindan hakucheka. Kuanzia kesho, alisema, ni gazeti tu.

 Chirutha hakujua kusoma. Kanaran akinyamaza, binti angebaki ananing'inia pale ukingoni maisha yake yote.

"Kaka Govindan, gazeti linaniambia mchele umepanda bei. Hilo nimeshaambiwa dukani. Lakini kule kwenye mito inayopanda, kati yetu hakuna mwenyeji, sote tunafika wageni, wewe na mimi. Tena nikirudi nyumbani nikamimina maji kwenye sufuria, nayashangaa: kumbe ya kwetu yanashuka."

"Maneno hayo hayajazi bidi."

"Kweli, nimekosa. Ila kule kufua ni raha. Unakaa bondeni, povu linakwenda zake juu."

"Raha gani? Na wa kileleni je? Si wanaletewa uchafu wa mji mzima? Ndiyo maana waliifunga bahari."

 Devaki akainua kichwa.

"Kumbe mwenzetu unasikiliza."

"Ukuta wenyewe mwembamba," Govindan akanung'unika, akipangusa miwani.

Wakaelewana: Jumamosi Kanaran amalizie sura ya mwisho, lakini bidi za Chirutha zikaguliwe kwanza.

Jumamosi, wakati wa chakula, Chirutha aliubakiza muhogo wake na mchuzi wa dagaa, akarudi kwenye bidi. Alizibonyeza bidi zake mwenyewe, moja moja. Zote zilikuwa ngumu. Govindan akazipitisha, kisha akavuta kigoda chake upande huu wa ukuta. Kanaran akafungua ukurasa, akakohoa kidogo kusafisha koo.