Jembe la Dada Limerudi Peke Yake

Tulifukuzwa msituni kwa hukumu iliyosema hatujawahi kuishi humo. Aliyeumia zaidi ni dada yangu mkubwa, mchimba mizizi ya dawa, maana ni yeye aliyeusafisha msitu huo.

Sheria inawalinda wenyeji wa asili wa msitu, mradi ionekane kweli wanaishi humo. Wakili wetu akatuambia jaji atakuja kujionea. Dada kusikia mgeni, akashika ufagio. Kwetu ukichimba mzizi unafukia shimo, mti usibaki na kidonda. Siku ile alipitiliza. Alihamisha mizinga, mgeni asije akaumwa na nyuki, akafunika njia zetu kwa majani, akazoa hata majivu ya vibanda vyetu vilivyochomwa na watu wa kampuni ya mbao.

"Mgeni haonyeshwi majivu," alinikemea.

Jaji akazunguka. Wakili wa kampuni akacheka: "Mheshimiwa, hata jiko hakuna. Hawa wameletwa jana na basi."

"Umeona, baba, tulivyo wasafi?" dada akamwambia jaji kwa fahari. Wakili wetu akafumba macho.

Tangu hukumu tumepanga chumba kando ya barabara ya malori ya magogo. Gari la askari wa msitu likipunguza mwendo, najificha nyuma ya mlango. Dada hakukoma kuingia msituni. Nikimsihi, ananitania: "Mdogo wangu, we mwoga mpaka kivuli chako kinakukimbia. Mizizi haijasomewa hukumu."

Jana alitoka asubuhi, hakurudi. Leo mchana mlango ukagongwa. Askari wa msitu, na mkononi jembe dogo la dada, mpini umefungwa kipande cha kanga yangu kuukuu.

"La nani hili, mama?"

Nikisema langu, nakamatwa. Nikisema la dada, nimemkamatisha.

"Mmelitoa wapi?"

"Chini ya mti. Hapakuwa na mtu. Wala shimo."

Hakunitazama machoni, akaliacha jembe mlangoni akaondoka. Buti zake zilikuwa na udongo mbichi. Dada angeacha mguu kabla ya kuacha jembe.

Nimeketi mlangoni nimelipakata, natazama kila gari linalopita. Kusoma sijui, ila deni nalijua. Askari wale wana deni la kuniambia dada yangu yuko wapi. Na jaji ana deni la kurudi msituni. Safari hii ainame, afukue yaliyofukiwa.