Mistari Saba

Waraka wa uongozi wa hospitali unatamka kwamba mafanikio ni ya timu nzima, kwamba kila mchango utatambuliwa, na kwamba kiongozi bora hujiweka nyuma ya watu wake. Umepigwa mhuri mara mbili, kwa hiyo ni kweli mara mbili. Katika chumba cha kufulia ulibandikwa juu ya kikaushio, mvuke ukauvimbisha kabla ya wiki kuisha.

Msimamizi wa chumba hicho, Mama Mikunjo, hakuwa ameusubiri waraka. Kwa miaka kumi na minane, kila Ijumaa kabla watu hawajavua aproni, alipita mbele ya kila mmoja na kumtajia jambo moja alilolifanya vizuri. Moja tu, na lazima liwe la kweli. Mmoja aliwahi kuambiwa kwamba ameiona sindano kwenye foronya kabla sindano haijamwona yeye. Aliyekosa cha kutajiwa aliambiwa waonane Ijumaa ijayo, na wiki nzima huyo alifua kana kwamba shuka zimemtukana.

Kisha ukaja mlipuko wa kuharisha, na mashine moja kati ya mbili ikafa. Watu wanane wakafua kwa mikono siku arobaini, na hakuna mgonjwa aliyelala juu ya godoro tupu. Wengi walikufa, lakini walikufa kwenye shuka safi, jambo ambalo takwimu hazina safu yake.

Uongozi ukaamua kuwatuza, na kuwaongezea mikataba wote watakaokuwamo kwenye orodha. Mama Mikunjo akapeleka majina kwa afisa utumishi, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Fomu ina mistari saba, mama," alisema afisa.

"Sisi tuko wanane."

"Basi mmoja asubiri mwakani."

Kila mtu alijua ni nani angesubirishwa. Mzee Mvuke, mkongwe wa chumba, alikuwa amebakiza wiki tatu za mkataba na kifua kilichochoshwa na dawa ya kung'arisha nguo. Mkataba ukiisha, chumba anachoishi na wajukuu wawili katika nyumba za wafanyakazi kinarudi kwa hospitali. Yeye na Mama Mikunjo ndio waliokunja shuka kubwa pamoja, kila mmoja na ncha zake, tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

"Huyo hana mwakani," alisema Mama Mikunjo, akaliandika jina la mzee kwenye mstari wa saba. Lake hakuliandika. Alimweleza afisa kwamba msimamizi anajulikana, na afisa akakubali kwamba ndiyo, anajulikana.

Sherehe ilichukua dakika ishirini, kumi na tano zikiwa za hotuba. Saba waliitwa mbele, wakapigiwa makofi.

"Mbona wewe hukuitwa?" Mzee Mvuke alimnong'oneza aliporudi kwenye kiti.

"Mimi si ndiye niliyewaandika? Kaa, usinikunjie cheti."

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Iliandikwa kwa adabu. Ilieleza kwamba katika kupanga upya kada, nafasi ya msimamizi haikuonekana kwenye orodha ya kikosi kilichofanikiwa, na hivyo imethibitika kwamba mafanikio yanawezekana bila nafasi hiyo. Ilimshukuru.

Siku yake ya mwisho iliangukia Ijumaa. Alipita kama kawaida, jambo moja kwa kila mtu. Alipofika kwa Mzee Mvuke, mzee aliangalia sakafu.

"Wewe," alisema Mama Mikunjo, "hujawahi kuachia ncha zako kabla sijazishika zangu."

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiacha mezani.

Mkataba wa Mzee Mvuke uliongezwa, na wajukuu wake bado wako kwenye kile chumba. Cheti kimetundikwa juu ya kikaushio, majina saba bila kosa hata moja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mzee huzikunja peke yake, ncha mbili amezibana chini ya kidevu.