Marahaba, Mzee

Niliacha shule kidato cha pili, mwaka mama alipofariki, nikaanza kukaanga maandazi Maili Moja, Kibaha. Maandazi yanataka karatasi za kufungia, na karatasi nilikuwa nikinunua kwa kilo kwa mtu anayekusanya magazeti ya zamani. Siku moja ndani ya furushi nikakuta majarida kumi na moja ya katuni, ya Kiingereza, yenye rangi. Karatasi zake zilikuwa nzito na zina utelezi, hazinywi mafuta. Kwa kazi yangu hazikufaa kitu, basi nikawapelekea wadogo zangu watatu.

Yote yalimhusu shujaa mmoja, mtu mweusi anayeruka juu ya maghorofa. Alikuwa na jina lake, lakini sisi tulimwita Mjomba, kwa sababu alitokea kwenye matatizo tu na kuondoka kabla vyombo havijaoshwa.

Mwanzoni tulidhani anaumwa. Katika jarida moja alivunja kila kitu na kutukana kama mpiga debe aliyenyimwa chai. Katika lingine alikuwa mtulivu, haongei ila kwa methali, na methali zenyewe hakuna mtu wa Pwani aliyewahi kuzisikia: simba halali na mbuzi mpaka mwezi uoge. Hata rangi yake ilibadilika, leo kahawia, kesho kama jivu. Mdogo wangu anayenifuata, ambaye wakati ule alikuwa darasa la saba, ndiye aliyegundua sababu.

"Angalia hapa, dada," alisema. "Jina la mwandishi siyo lile la juzi. Habadiliki yeye, wanabadilika wanaomwandika."

Tukawapanga. Mwandishi wa kwanza alimpa hasira, wa pili akampa hekima. Wa tatu alimuua, akaliza mji mzima kwa majarida matatu, kisha akamfufua bila hata kuomba radhi kwa waliofunga turubai la msiba. Wa nne alimrudisha Afrika. Afrika yenyewe ilikuwa kijiji kimoja chenye ngoma, na simba anakatiza njiani kama kuku. Pale kijijini Mjomba anapiga goti mbele ya babu mwenye ndevu, na mwandishi, ili kuonyesha kwamba amesoma, amemtia Kiswahili mdomoni.

"Marahaba, mzee," anasema Mjomba.

"Shikamoo, mwanangu," anajibu babu.

Tulicheka mpaka maandazi yakaungua. Tangu siku hiyo salamu ya nyumbani ikawa hiyo. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa akitoka kuoga ananiinamia, "Marahaba, dada," nami namjibu, "Shikamoo, mwanangu."

Kulikuwa na mwandishi wa tano, na hilo sikulisema. Ni mimi niliyekuwa nikiwasomea, na Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Nikifika mahali nisipopaelewa nilitunga. Na nikitunga, kila mara Mjomba aliwaambia maadui zake wafanye haraka, maana wadogo zake nyumbani hawajala.

Kisha baba naye akafariki. Baada ya arobaini ndugu wakaja kwetu Jumamosi, adhuhuri imeshaswaliwa, kufanya kikao. Nilikwishajua kinahusu nini: wadogo zangu wawili wa kati waende kwa shangazi, kijijini Janga, kitinda mimba apelekwe kwa ndugu wengine Mzenga, na mimi, kwa vile nimefika ishirini, nitaolewa. Mwenye neno la mwisho alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, karani mstaafu wa Kibuta, mtu ambaye hata barua ya posa aliisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Nilikuwa nimewapiga wadogo zangu pasi kuanzia nguo mpaka maneno. Baba mkubwa akaingia. Kitinda mimba akamwendea, akapiga goti vizuri kabisa.

"Marahaba, baba mkubwa."

Mimi nilikuwa nimeinamia birika. Mazoea yakanitangulia.

"Shikamoo, mwanangu," nikaitikia.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Mmeona wenyewe. Mtoto anamwitikia mkubwa ambaye hajamwamkia. Na huyu mlezi wao ndiye anayemwamkia mtoto. Mnasubiri ushahidi gani tena?"

Baba mkubwa hakukaa. "Nani kakufundisha hivyo?" alimuuliza mtoto.

"Mjomba."

"Mjomba yupi? Mama yenu hakuwa na kaka."

Ikabidi jarida liletwe. Baba mkubwa akavaa miwani, akafunua ukurasa wa kijiji, akausoma kimya. Akaurudia. Kisha akanipa mimi. "Soma kama unavyowasomea."

Nikasoma. Sikuwa na namna nyingine ya kusoma zaidi ya ile niliyoizoea, na wadogo zangu walikuwa wamekaa mkekani wakisubiri sehemu yao. Nikafika pale Mjomba anapomwambia babu kwamba hawezi kulala kijijini, ana wadogo zake watatu na hakuna aliyebandika chungu.

Baba mkubwa akachukua jarida. Alikuwa amefanya kazi ya Kiingereza miaka yote ya ukarani wake. "Haijaandikwa hivyo."

"Haijaandikwa, baba mkubwa."

"Imeandikwa kwamba huyu mtu hana ndugu duniani."

Wadogo zangu wakanigeukia wote kwa pamoja. Siku ile kitinda mimba alinitazama kama mtu aliyeuziwa andazi lenye hewa tupu ndani.

"Kumbe anawadanganya kabisa," shangazi akasema.

"Wote wamedanganya," baba mkubwa alijibu. "Huyu mwandishi hapa hajui hata nani anamwamkia nani, na kitabu chake kimevuka bahari. Huyu binti angalau kakumbuka kwamba watoto wanakula." Akatoa kalamu yake mfukoni, akanipa. "Sahihisha hiyo salamu kwanza. Halafu wape watu chakula. Watoto watabaki hapa."

Shangazi alisema mengi. Alijibiwa kwamba kikao kimekwisha na wali unapoa.

Baba mkubwa alirudi Kibuta na majarida yote kumi na moja, kwa ukaguzi, alisema. Ukaguzi haujaisha mpaka leo. Mdogo wangu anayenifuata sasa yuko sekondari, ananisahihisha Kiingereza bila huruma. Na kila Ijumaa baba mkubwa hupiga simu akitaka kuongea na kitinda mimba. Sauti yake ni kubwa, hata mimi niliye jikoni namsikia.

"Marahaba, baba mkubwa."

"Shikamoo, mwanangu."

Shangazi anawaambia watu kwamba uzee umemwingia kichwani.