Msamaha Uliotangulia Krismasi

Truphena alipoteza hesabu ya siku tangu madam amnyang'anye simu. Kalenda ya jikoni, katika nyumba aliyofanyia kazi Al-Safa, Jeddah, ilisema ni mwezi wa Kiislamu wa Safar, na Safar haikumwambia lolote kuhusu Krismasi. Kwao Vihiga, Krismasi ilijulikana kwa harufu ya chapati. Basi asubuhi moja moyo ukamwambia ni leo. Akakanda unga, akaimba kwa sauti ya chini huku akisukuma, akalia kidogo, na kwa kuwa Mwokozi hazaliwi katika moyo wenye kinyongo, akamsamehe madam ile simu na matusi yake yote. Haikuwa rahisi, jamani.

Mchana Solomon, dereva Mkenya wa nyumba hiyo, alirudi na bosi kutoka Riyadh. Truphena akampitishia chapati mbili dirishani.

"Krismasi njema, kaka."

Solomon alikula kwanza. "Krismasi gani, dada? Si bado wiki nzima!"

Truphena akaduwaa, sahani mkononi. Chapati zingepikwa tena, na wimbo ungerudiwa. Lakini ule msamaha je? Amemsamehe mtu bure, siku ya kawaida tu? Mungu aliupokea, au aliushangaa?

"Truphena, yalla! Haraka!" madam alifoka kutoka sebuleni.

Truphena akaona heri aichukue tena hasira yake mpaka siku yenyewe ifike. Akaitafuta pale pale alipoiacha asubuhi. Haikuwepo.